Usukani wa Lori la Mtani

Manundu, Korogwe
Jumapili, 4 Machi 1956

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya nguo. Kurasa za mbele zimejaa vifua na viuno vya wanawake wa Manundu, na ningekuwa mtu wa maneno ningeandika nani amenenepa tangu Krismasi. Lakini kuanzia leo kurasa za nyuma ni zangu. Nimesoma misheni mpaka darasa la nne, mwandiko wangu Padri alikuwa akiwaonyesha wageni, na sioni kwa nini mwandiko kama huo uishie kwenye viuno vya watu.

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha jana. Mwanangu Yordani amerudi na lori kutoka Handeni na kuliegesha uani kwangu, chini ya banda alilolijenga mwenyewe kwa nguzo za mkonge na madebe yaliyonyooshwa. Ana miaka ishirini na mitatu na tayari ni dereva, tena fundi. Hakuna gari lililomshinda. Hili nimelisema kanisani, nimelisema bombani, nalisema na hapa.

Lori si letu. Ni la Sadala Mhina, Mzigua wa Handeni, mfanyabiashara wa mahindi. Baba yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, kwa hiyo mimi na Sadala ni watani, maana Wanyamwezi na Wazigua wanataniana tangu enzi za misafara. Hatuamkiani kama watu wengine. Leo kaja kuangalia mzigo, nikampokea hivi:

"Mzigua, lori lako linayumba kama babu yako akitoka pombeni."

"Mnyamwezi, ninyi mmezoea kubeba mzigo kichwani, gari utalijulia wapi?"

"Usukani unacheza, nakwambia! Unauzungusha leo, magurudumu yanasikia kesho."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nikacheka na mimi. Lakini lori linayumba kweli. Nimeliona kwa macho yangu likiingia uani.

Alhamisi, 8 Machi

Mvua. Magauni mawili, moja limekosewa mkono.

Jumanne, 13 Machi

Yordani ameshinda chini ya lori, inaonekana miguu tu. Uji nimempelekea huko huko. Nikamwambia anionyeshe ugonjwa wenyewe, maana mimi si mwanamke wa kuambiwa hutaelewa.

Akanipandisha kwenye kiti cha dereva. "Zungusha kulia, mama. Sasa kushoto. Taratibu." Nilizungusha usukani robo nzima kabla magurudumu hayajasogea. Halafu nikashuka, nikachungulia. Kuna chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja. Wanakiita tairodi. Kila mwisho wake una kichwa, na ndani ya kichwa mna kirungu cha chuma kinachozunguka kwenye kikombe chake, kama mfupa wa nyonga. Virungu vimelika na vikombe vimepanuka. Kirungu kikichomoka njiani, gurudumu moja linakwenda Tanga na jingine linakwenda Moshi.

"Utafanyaje?"

"Vinatakiwa vichwa vipya, mama. Lakini kwa sasa najua la kufanya."

Alasiri akalizungusha mtaani. Limenyooka! Nikaenda moja kwa moja kwa jirani yangu Elina, ambaye mwanawe Eliasi ni karani na hajui hata kukaza komeo la mlango. Nikamwambia, "Wengine wanangoja spea kutoka Tanga. Mwanangu anatengeneza usukani bila spea." Yordani alikuwa nyuma yangu, akasikia. Elina akaingia ndani, akafunga mlango. Nimekula vizuri leo.

Jumatano, 21 Machi

Mvua siku tatu. Barabara ya Handeni imekuwa uji mweusi.

Jumatatu, 26 Machi

Lori limeanza tena kuyumba. Nimemwuliza Yordani, akasema spea bado, mzee Sadala ndiye anayechelewesha. Damu ikanipanda kichwani. Basi Sadala alipotokea tu, sikumngoja ashuke.

"Mzigua bahili wewe! Unataka kuniulia mtoto kwa sababu ya vichwa viwili vya tairodi?"

"Akifa nitakuoa, uzae mwingine."

"Nizae na wewe? Mtoto atoke tumboni na kofia, tena na ubahili juu yake?"

Wapita njia walishika mbavu. Sadala akafungua kikapu, akanipa kuku. "Upe ulimi wako kuku huyu, ule, upumzike." Nikampokea kuku. Nikacheka. Ndicho kinachonikera ninapoandika: nilicheka.

Jumapili, 1 Aprili. Pasaka

Kuku wa Sadala tumemla. Alikuwa mtamu. Sijamsamehe.

Alhamisi, 12 Aprili

Waislamu wameanza mfungo. Mvua haina mfungo.

Jumamosi, 21 Aprili

Naandika na tope bado kwenye kucha.

Leo Elina alikuja mwenyewe uani kwangu, yeye ambaye hajakanyaga hapa tangu mwaka jana. Akasimama, mikono kiunoni.

"Mama Yordani, yule fundi wako asiyehitaji spea amemmwaga mwanangu kwenye kabichi."

"Unasema nini?"

"Mwulize! Jana, kona ya Kwashemshi. Eliasi alikuwa juu ya mzigo anatoka Dindira. Amerudi na mkono umevimba kama mhogo. Kumbe hujaambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa. Jana Yordani alirudi, akaoga, akala ugali sahani mbili, akasema barabara ilikuwa na utelezi kidogo. Kidogo! Eliasi mwenyewe amenisimulia, mkono ukiwa kwenye kitambaa. Walikuwa wanashuka na kabichi na watu kumi na mmoja juu. Kwenye kona Yordani alizungusha usukani kulia, na lori likaendelea mbele kama halikuambiwa kitu. Akazungusha tena mpaka mwisho, ndipo magurudumu yakashtuka yote kwa mara moja, lori likaenda kugonga ukingo wa mlima. Upande ule mwingine hakuna ukingo. Upande ule mwingine unaona paa za nyumba za watu, chini kabisa, ndogo kama viberiti.

Yordani alikuwa sokoni. Nikafunga kanga vizuri, nikaingia chini ya lori mwenyewe, kwenye tope. Nikakitafuta kichwa cha tairodi. Nikaona kitu kinachungulia pembeni yake kama ulimi wa mbwa. Nikakivuta. Ngozi. Ngozi ya kahawia, imelowa grisi, ina tundu dogo lililozungushiwa shaba.

Tundu lile nalijua. Nikaingia ndani nikafungua sanduku. Mkanda wa marehemu Ponsiano, baba yake, ambao nilimtunzia auvae siku ya kufunga ndoa, umekatwa. Umebaki kipande cha kumfunga mbuzi.

Aliporudi nilimngoja mlangoni.

"Hii ni nini, Yordani?"

Akaangalia chini. "Mama, nilikuwa naziba nafasi tu. Ngozi ikikaa vizuri usukani unakaza."

"Ngozi! Watu kumi na mmoja, mwanangu mbele yao, mmefungwa na ngozi!"

"Spea hakuna, mama. Nifanyeje? Mzee hajaleta."

Nikamtikisia kile kipande usoni, nikakifunga kwenye kanga. Nilitaka kumpiga, ila amenizidi kimo tangu akiwa na miaka kumi na minne. Basi hasira yote nimeielekeza Handeni. Sadala, wewe Mzigua, mwili wako wote na mahindi yako yote havinunui ukucha wa mwanangu.

Jumanne, 24 Aprili

Nimeshindwa, na nimeshindwa na kicheko.

Sadala kaja leo kupanga safari ya Idi. Alhamisi tarehe kumi Mei anataka lori lipande Dindira na mchele, sukari na vitambaa vya maduka, na juu yake watu thelathini wanaokwenda kula sikukuu kwa ndugu zao. Thelathini! Nikaenda kwenye lori, nikachukua hendeli ya kuwashia, nikaiweka chini, nikaikalia. Mtani akikamata kitu chako huna ruhusa ya kukasirika. Huna budi kukikomboa. Nikasema moyoni, hii hataikomboa mpaka alete spea.

Watu wakajaa uani. Nikapaza sauti:

"Lori hili halitoki! Lilitaka kuua watu Kwashemshi! Mzigua huyu hanunui spea, usukani wake umefungwa kwa mkanda wa maiti!"

Wakaangua kicheko. Mkanda wa maiti! Mzee mmoja alikaa chini kabisa. Na Sadala, aliyefunga, midomo imekauka, alicheka mpaka akajishika ukuta. "Mnyamwezi leo ana moto! Mimi sinunui spea? Mimi?" Kama vile nimesema jua ni la mbao. Akatuma mtu dukani, ikaja sukari ratili mbili na kanga mpya. "Haya, mtani, nimekomboa chuma changu. Inuka."

Watu wakapiga makofi. Nifanyeje? Mtani akishakomboa, unarudisha. Niliinuka. Nikarudisha.

Nimekaa na kanga hiyo magotini, na nimeyapitia maneno yote tangu mwezi wa tatu. Lori linayumba: utani. Unataka kuniulia mtoto: utani. Mkanda wa maiti: utani, tena utani bora kupita wote, watausimulia mwaka mzima. Hakuna neno hata moja nililomwambia mtu huyu ambalo amelisikia. Wala sijui kuzungumza naye kwa namna nyingine. Miaka tisa tunajuana, sijawahi kumwuliza hali ya wanawe.

Ijumaa, 27 Aprili

Mvua. Yordani amekwenda Handeni na kurudi. Nimesikiliza mngurumo wa kila gari lililopita.

Jumatano, 2 Mei

Nimekwenda Handeni kwa basi. Nilivaa gauni la kanisani na viatu. Mfukoni nilikuwa na kile kipande cha ngozi.

Sadala alikuwa barazani kwake na wazee wawili. Aliponiona akawageukia, "Angalieni, mzigo wa Mnyamwezi umeanguka, kaja kuuokota!" Wakajiandaa kucheka.

Nikasimama nje ya baraza, nikapiga hodi mara tatu. Nikasema, "Habari za mfungo, Bwana Sadala. Habari za nyumbani. Watoto hawajambo?"

Akangoja mzaha. Haukuja. Wazee wakatazamana.

"Mtani, vipi?"

"Mimi ni Hilaria binti Bernardo, mama yake dereva wako. Nimekuja na shida yangu, Bwana Sadala. Kama unaruhusu nitakaa."

Kicheko kilimtoka usoni taratibu, kama rangi inavyotoka kwenye kitambaa kibaya. Mkewe, Mashavu, alitokea mlangoni na ungo wa mchele. Akanitazama nguo, akanitazama uso, ungo ukamwinamia.

"Mama Yordani, nani amekufa?"

"Bado," nikasema.

Hapo nikakiweka kile kipande cha ngozi kwenye mkeka. Nikasimulia kona ya Kwashemshi, mwanzo mpaka mwisho, bila kupaza sauti. Nikasema, "Nimekuambia tangu mwezi wa tatu, ukanipa kuku. Nakuomba spea, Bwana Sadala. Ukikataa, mwanangu hatapanda lori hilo, nikilazimika kulala mbele ya magurudumu nitalala."

Alikigeuza kile kipande mkononi muda mrefu. Kisha akaingia ndani. Alirudi na boksi, ndani yake vichwa viwili vya tairodi, vipya, vimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, na pini zake.

"Hivi nilivinunua Tanga tarehe kumi na tano mwezi wa tatu," akasema. "Nikampa Yordani mkononi. Akanirudishia. Akasema, 'Viweke mzee, havina haja, nimeshalitengeneza mwenyewe.' Nikafurahi. Ndiyo maana ulipokuwa ukipiga kelele kwamba sinunui spea, nilicheka. Nilijua unajua."

 Nilikuja nimemkasirikia Mzigua miezi miwili, na Mzigua ameniwekea boksi magotini.

Nimerudi nalo ndani ya basi. Njia nzima nilikuwa na hasira na sikuwa na mahali pa kuitua.

Alhamisi, 3 Mei

Nimeliweka boksi mezani, mbele ya sahani yake.

Hakukana. Nilipomwuliza kwa nini, aliutazama uji mpaka ukaota ngozi juu. Kisha akasema:

"Kufunga spea mpya hata Eliasi anaweza, mama, akipewa spana. Ulishawaambia watu wote natengeneza bila spea. Kanisani wananiuliza. Nikifunga vipya watasema nini?"

"Kwa hiyo ulikuwa tayari kufa?"

"Nilikuwa nakwenda polepole."

Nakwenda polepole! Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika, maana daftari hili lina majina ya wateja. Nimemwita mjinga, nimemwita muuaji. Mwisho nikamwita mwongo, na hapo akainua macho, akasema taratibu tu, "Na wewe, mama, kwa Elina unasemaga kweli?"

Nimetoka nje. Mvua ilikuwa inanyesha, nikasimama humo humo.

Jumamosi, 5 Mei

Tumevifunga leo. Nasema tumevifunga kwa sababu nilikuwepo chini, tope mpaka masikioni, na sikumwamini kufunga peke yake.

Aliinua mbele kwa jeki, akalaza mataruma ya reli chini ya ekseli. Akanyoosha pini za kuzuia nati, akazitoa, akafungua nati. Kirungu kikagoma kutoka, kimeng'ang'ania tundu lake kwa kutu. Akanipa nyundo kubwa niibane upande mmoja, yeye akapiga upande wa pili. Pigo la tatu kikaruka. Akakiweka kiganjani mwangu. Kinatakiwa kuwa mviringo kama gololi. Kilikuwa kama yai, na upande mmoja kama yai lililoliwa.

"Mama, hesabu," akasema, akaanza kukizungusha kichwa kitoke kwenye tairodi. Cha kulia kilitoka kwa mizunguko kumi na minne. Cha kushoto kinafunguka kwa kugeukia upande wa kufungia, kinyume cha skrubu zote nilizowahi kuona. Mizunguko kumi na mitatu na nusu. Vipya vikaingia hivyo hivyo, nikihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Nati, pini, grisi.

Kisha magurudumu lazima yakaribiane mbele kidogo kuliko nyuma, robo inchi, la sivyo yanagombana na matairi yanaisha. Alitaka kupima kwa kamba. Nikamwambia aondoe kamba yake hapa. Nikaleta futi yangu ya kushonea. Tukapima tairi kwa tairi, yeye kushoto mimi kulia: nyuma inchi hamsini na saba, mbele hamsini na saba pia. Akafungua, akazungusha chuma kidogo, tukapima tena. Mara nne. Mbele hamsini na sita na robo tatu. Hapo akakaza.

Nikapanda kitini, nikagusa usukani kwa kidole. Magurudumu yakageuka. Yakageuka pale pale, yakanitii!

Kazi nzuri. Kazi nzuri kabisa, safi, mikono ya baba yake. Ningeweza kulia. Tulifanya yote hayo bila kusemezana isipokuwa namba.

Jumatano, 9 Mei

Sadala amefika asubuhi, amekuja na mtu, Kibwana, dereva wa makamo kutoka Mombo. Amelizungusha lori mtaani mwenyewe, akashuka, akanisogelea.

"Shukrani, Mama Yordani. Lori limepona." Mama Yordani! Hajawahi kuniita hivyo. "Dereva ndiye sijui. Kesho atapanda Kibwana."

Yordani alikuwa amesimama na kitambaa cha grisi mkononi.  Alinifuata jikoni.

"Mama, mwambie. Mwambie kwa utani, kamata kitu chake, atacheka, atanirudishia. Wewe ukimchekesha hakatai."

Na ni kweli. Ningemwita Mzigua mwizi wa madereva, ningeikalia ile hendeli, watu wangejaa, na kesho mwanangu angekuwa kitini kwake.

"Siwezi," nikamwambia. "Nilikwenda kwake nikauweka utani chini ili anisikie. Siwezi kuuokota leo kwa sababu unanifaa."

"Basi umeniaibisha Handeni nzima, na sasa hutaki hata kunisaidia."

"Ndiyo. Nimekuaibisha."

Akaondoka, akagonga mlango wa banda hadi debe moja likaanguka.

Nina hasira na Sadala, aliyechukua lori. Nina hasira na Kibwana, ambaye hajanikosea kitu, ana meno mazuri na alinisalimia vizuri. Nina hasira na mwanangu. Na yule mwanamke aliyekwenda kujisifu kwa Elina, yeye na mdomo wake, siku ile ya tarehe kumi na tatu Machi, kama ningempata ningemzaba kofi.

Ijumaa, 11 Mei

Limepanda, limeshuka. Watu thelathini, wazima. Kibwana amepita kuniambia usukani umenyooka kama rula, na kwamba Sadala ametuma neno: Yordani akitaka kazi aende Handeni mwenyewe, aseme kwa mdomo wake alichokuwa ameweka ndani ya kile kichwa. Nimemfikishia neno, kutokea upande wa pili wa mlango. 

Jumamosi, 12 Mei. Idi

Miaka yote Sadala alikuwa akituletea pilau na matusi. Mwaka huu hakuna kilichokuja.

Jumatatu, 14 Mei

Siku ya sita hasemi nami. Anaingia, anakula, anatoka. Anavuta kiti kwa nguvu ili nisikie. Nami nimekuwa naweka sahani kwa nguvu ili asikie. Elina ameniuliza bombani mbona Yordani hayuko kwenye lori. Nikamwambia aliweka ngozi badala ya spea, na hiyo ndiyo iliyomvimbisha Eliasi mkono, na nimekuja na dawa ya kuchua. Alibaki ameshika ndoo. Nadhani angependelea nijisifu.

Mchana huu nikiwa nasonga, sauti ikatoka nyuma yangu:

"Mboga ya jana haikuwa na chumvi."

Uongo. Ilikuwa na chumvi ya kutosha, mboga zangu zinajulikana mpaka Lutindi. Nikanyoosha mkono, nikaongeza kwenye chungu, mbele yake, ili aone.

Akala. Alipomaliza alinawa, akakaa anatazama mikono yake.

"Basi la Handeni la asubuhi linaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili," nikasema. Maneno mengine yote niliyokuwa nayo, na yalikuwa mengi, niliyameza pamoja na ugali.